Ukienda Machakos na kamera, tazama kichwa kabla ya miguu

Kutoka Nairobi hadi mji wa Machakos ni mwendo wa kilomita 60 na ushei tu. Ukipanda gari pale Machakos Country Bus, ukaifuata barabara ya Mombasa mpaka makutano ya Kyumvi, kisha ukakunja kushoto, hutakuwa umelimaliza gazeti lako kabla ya kuviona vilima vya Mua na safu ya Iveti vikikukaribisha. Ni safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Haihitaji hoteli wala likizo, na ndiyo sababu familia nyingi za mjini huipenda siku ya Jumapili.

Wengi huenda na kamera. Siku hizi hata asiye na kamera ana simu. Jioni hurudi na picha tele, na aghalabu picha hizo ni za kuonea haya: mlima umeinama kama mlevi, maporomoko ya maji yamekuwa doa jeupe, nyuso za watoto zimetetemeka. Lawama zote hutupiwa kamera. Yule aliyesikia mawili matatu kwa wapiga picha hununua stendi ya miguu mitatu, na hata hapo hutazama miguu peke yake: ina urefu gani, inakunjika mara ngapi, inaingia mkobani au haiingii. Kile kitu kidogo kilicho juu, kinachoishika kamera na kuigeuza, hakitazami kabisa. Mafundi hukiita kichwa. Ndicho tutakachokizungumzia leo, na nimechagua Machakos kwa sababu sijui mahali pengine karibu na Nairobi ambapo kichwa cha stendi hutahiniwa kwa njia nyingi hivi katika siku moja.

Kwanza tuujue mji wenyewe. Jina lake latokana na Masaku, kiongozi mashuhuri wa Wakamba. Ndimi za wageni ziliposhindwa kulitamka, likawa Machakos, ingawa wenyeji hadi leo husema Masaku. Kampuni ya Imperial British East Africa iliweka ngome yake hapa wakati Nairobi ilikuwa bado kinamasi cha kunyweshea ng'ombe, na kuanzia 1892 John Ainsworth aliisimamia Ukambani akiwa Machakos. Kilichouponza mji huu ni reli. Ilipita mbali, ikafika Nairobi 1899, na mwaka uo huo makao makuu ya mkoa yakaifuata. Mji ukabaki mdogo, umezungukwa na milima. Kwa mpiga picha hiyo si hasara hata kidogo.

Sasa panda Iveti. Si lazima ufike kileleni. Barabara yoyote inayopanda itakufikisha mahali pa kusimama ukatazama chini. Utaona mashamba yaliyokatwa ngazi kwa ngazi, matuta yakizunguka mlima kama mistari ya daftari, mahindi na maharage huku, kahawa na miti ya matunda kule. Mgeni hudhani ndivyo Mungu alivyoumba. Sivyo.

Mnamo 1937, R. O. Barnes aliiandikia Idara ya Kilimo ripoti kuhusu mmomonyoko wa udongo Ukambani, na akapiga picha. Picha zile zinatisha. Vilima vimebaki vitupu, makorongo yameupasua udongo mwekundu, miti ni ya kuhesabu. Serikali ya kikoloni ilidhani dawa ni kuwapunguzia Wakamba ng'ombe wao kwa nguvu. Mwaka uliofuata, 1938, maelfu ya wanaume kwa wanawake walitembea mpaka Nairobi kulalamika na wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu, yule yule ambaye jina lake unalisoma kwenye barabara ya katikati ya jiji kila uendapo sokoni. Alihamishiwa Lamu kwa kosa hilo.

Baadaye ardhi ile ilipona, na haikuponywa na amri. Vikundi vya mwethya, watu wakisaidiana shamba kwa shamba, wengi wao akina mama, vilichimba mitaro kufuata usawa wa mlima na kuutupa udongo upande wa juu. Njia hiyo huitwa fanya juu, na maneno hayo mawili ya Kiswahili yamo leo katika vitabu vya kilimo vya nchi nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wachunguzi Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliichunguza wilaya hii upya. Picha za Barnes zilipigwa tena kutoka mahali pale pale alipopigia yeye, na mwaka 1994 kitabu chao kikatoka. Wakazi wa wilaya ya zamani, iliyojumuisha pia Makueni ya leo, walikuwa wameongezeka kutoka 240,000 hivi mwaka 1932 hadi kufikia kama milioni 1.4 mwishoni mwa miaka ya 1980. Hata hivyo milima ilikuwa na miti mingi kuliko zamani na udongo ulikuwa umeshikwa. Takwimu zinaweza kubishaniwa, na zimebishaniwa. Lakini weka picha ya 1937 kando ya ile ya miaka ya 1990, kilima kile kile, mwamba ule ule pembeni, uone kama kuna wa kubisha.

Nawe waweza kuifanya kazi hiyo hiyo katika shamba la babu yako. Hapo ndipo kichwa cha stendi kinapoingia.

Picha pacha, yaani picha ya leo inayolingana na ya jana, inataka mambo matatu. Kamera isimame pale pale. Ikae sawa, isiinamie kushoto wala kulia. Na ielekee upande ule ule. La kwanza ni kazi ya miguu yako na ya jiwe utakaloliwekea alama. La pili na la tatu ni kazi ya kichwa. Kichwa kizuri huwa na pimamaji, kile kichupa cha waashi chenye tone la hewa, na chini yake kitako kinachozunguka ambacho kimechorwa nyuzi kuanzia 0 hadi 360. Ukizielekeza nyuzi hizo kwenye kitu kisichohama, kama kilele cha kilima au mnara wa kanisa, kisha ukaandika hesabu uliyoipata, mwakani utarudi na kuielekeza kamera pale pale bila kukisia. Kichwa kisicho na alama hizo hukuacha uvumbue upya kila mara.

Vichwa ni vya aina nyingi, ila viwili ndivyo utakavyovikuta kila duka.

Cha kwanza ni kichwa cha gololi. Ndani yake mna tufe la chuma au alumini lililoketi katika kikombe. Ukilegeza skrubu moja, kamera yako hugeuka kokote, juu, chini na kando. Ukiikaza, yote husimama. Ni chepesi, ni kidogo, na kwa haraka hakina mpinzani. Mwandishi wa habari anayekimbizana na wanasiasa hawezi kuishi bila hicho. Udhaifu wake umo mle mle mwenye sifa zake. Kwa kuwa vyote hulegea kwa pamoja, ukitaka kurekebisha mwinamo mdogo wa kushoto utajikuta umeharibu na urefu wa mbele. Na kamera yenye lenzi nzito, skrubu inapolegea, huanguka kifudifudi kama mtu aliyesinzia ibadani, ikaubana mkono wako au ikajigonga kwenye miguu ya stendi. Gololi nzuri huwa na skrubu ya pili, ndogo, ya kupimia ukavu, ambayo huiachia tufe kugeuka kwa uzito hata pale skrubu kubwa imelegezwa. Skrubu hiyo ya pili ndiyo unayoilipia. Kama haipo, na kamera yako si ya mfukoni, rudisha kichwa hicho kwenye kaunta.

Cha pili ni kichwa cha mikono mitatu. Hiki kina vishikio vitatu: kimoja cha kuinamisha mbele na nyuma, kimoja cha kulaza kushoto na kulia, na kimoja cha kuzungusha. Unarekebisha jambo moja na mengine mawili yanatulia. Ni kizito, mikono yake huchomoza na kunasa kwenye mikoba na matawi, na ukiwa na haraka kitakuudhi. Lakini kwa kazi ya milima, majengo na vitu visivyokimbia, hakuna kinachokishinda kwa mwanafunzi. Hufundisha subira, na hukulazimisha uitazame picha kabla hujaipiga. Najua vijana watanicheka, maana gololi ndiyo fasheni. Wacheke. Ukinipa nafasi ya kumnunulia mtoto wangu kichwa kimoja tu, nitamnunulia cha mikono mitatu, cha chuma, na gololi atajinunulia mwenyewe akipata kazi.

Vingine nitavipita haraka. Kuna kichwa cha mafuta, ambacho ndani yake mna majimaji mazito yanayokifanya kigeuke polepole bila kushtuka. Hicho ni cha wapiga video, na ukienda kwenye harusi Machakos utamwona mpiga video akiizungusha kamera kwa mkono mmoja mrefu kama usukani. Kuna gimbali, kama mkono wa bembea, cha kubebea lenzi kubwa za ndege na wanyama. Kuna cha gia, kinachosogezwa kwa meno kidogo kidogo. Ni kizuri mno, na ni kizito na ghali mno kwa mtu anayesafiri kwa matatu.

Sasa tuingie dukani. Kabla ya kwenda Luthuli au kwingineko, pitia kwa muuza nyama wako umwombe mizani. Usicheke. Weka kamera pamoja na lenzi nzito kuliko zote ulizo nazo, uone uzito. Kamera ya kawaida yenye lenzi ya kawaida huwa kilo moja na ushei. Ukiweka lenzi ndefu huweza kufika 2. Kisha chukua hesabu hiyo uizidishe kwa 3, na usinunue kichwa kilichoandikwa kwamba kinabeba chini ya hapo. Kwa nini 3? Kwa sababu uzito ulioandikwa kwenye sanduku ameuandika aliyekitengeneza, na watengenezaji hawana kipimo kimoja walichokubaliana. Mmoja hupima kamera ikiwa imekaa wima katikati, ambapo hata kopo la rangi lingeibeba. Wewe utailaza kando, lenzi ikichungulia bonde, na upepo wa Iveti ukivuma.

Mwombe muuzaji akifunge kichwa kwenye miguu, uweke kamera yako mwenyewe, si ya maonyesho. Fanya kama nitakavyokuambia, na asikuharakishe. Elekeza lenzi kwenye kitu kidogo ng'ambo ya barabara, tuseme herufi moja katika bango la duka, uiweke katikati kabisa. Kaza skrubu, kisha uachie mikono yote miwili huku ukitazama. Ile herufi imehama? Vichwa duni huteleza unapokaza, au hushuka nywele moja ukishaachia, na nywele hiyo huwa mita nyingi ukipiga mlima ulio mbali. Baada ya hapo bonyeza ncha ya lenzi kwa kidole kimoja, polepole. Kichwa imara kitasukumika kidogo na kurudi pale pale. Kichwa kibovu kitabaki kilikosukumwa. Halafu legeza na uzungushe: kigeuke laini kama mlango uliotiwa mafuta, kisikwamekwame. Mwisho ilaze kamera kwa wima, ile njia ya kupigia picha ya mtu mrefu, uiache hapo huku ukiulizana bei na muuzaji. Ukirudi ukaikuta imeinama, bei yoyote uliyopewa ni ghali.

Tazama pia kile kibamba kinachofungwa chini ya kamera na kunaswa na kichwa. Watu hukidharau, na ndicho kinachopotea. Kampuni nyingine, kama Manfrotto ya Italia, zimekuwa na vibamba vya umbo lao wenyewe kwa miaka mingi. Nyingine nyingi, zikiwamo za Kichina kama Benro na Sirui, hufuata mtindo wa Arca-Swiss, ambao kibamba chake huingia katika jiriwa ndogo na kubanwa pande mbili. Sina ugomvi na yeyote kati yao. Ila ukiwa mwanafunzi, nunua mtindo ambao utaupata tena katika duka la pili na la tatu, na ununue vibamba viwili siku ile ile. Kichwa kisicho na kibamba hakina kazi. Utando wa mpira juu ya kibamba usiwe laini sana kama ndala, kwa maana kamera ikilazwa wima itajipinda yenyewe. Skrubu yake iwe ya kukazwa kwa sarafu. Ya shilingi 10 huwa haikosekani mfukoni.

Jambo moja zaidi kuhusu skrubu. Kamera karibu zote hupokea skrubu ya robo inchi, na vichwa vingi vizuri hufungwa juu ya miguu kwa skrubu nene zaidi, ya 3/8 ya inchi. Kuna kipete kidogo cha kuunganisha ukikuta haviendani, nacho ni cha bei ndogo. Stendi za bei rahisi kabisa, zile nyepesi za plastiki zinazoning'inia milangoni pa maduka ya simu, huwa na kichwa kilichoumbwa pamoja na miguu, hakiondoki. Hicho kikivunjika umepoteza vyote viwili. Bora miguu ya mtumba yenye nguvu, iliyochubuka rangi, pamoja na kichwa kipya kizuri, kuliko stendi mpya inayong'aa ambayo kichwa chake ni kama cha kuku. Wenye simu nao wasijione wamesahaulika: kuna jiriwa ndogo ya kuibana simu yenye tundu la robo inchi chini yake, na hiyo hukaa juu ya kichwa chochote kati ya hivi.

Haya, turudi njiani. Upande wa Kituluni, si mbali na mji, pana mahali paitwapo Kyamwilu. Bila shaka umesikia habari zake. Dereva huzima injini, huachilia gia, na gari huanza kupanda mlima lenyewe. Ukimwaga maji barabarani nayo huonekana kupanda. Watoto hupiga mayowe, wazee hutoa sababu zao, na wageni kutoka Nairobi hupiga picha kwa simu wakiwa wameshangaa, kila picha imeinama upande wake. Picha kama hizo hazithibitishi chochote, si maajabu wala ukosefu wa maajabu.

Hapa kichwa chenye pimamaji huwa shahidi. Simamisha stendi kando ya barabara, tuliza tone la hewa katikati ya alama, kaza, halafu piga barabara ikiwa kwa ubavu, pamoja na gari. Ukingo wa chini wa picha yako sasa ni mstari ulio sawa kwa kweli, haujali macho yako yanakuambia nini. Najua atatokea mjuaji aseme kwamba pimamaji nalo limepatikana na maajabu yale yale. Mpe haki yake. Nenda basi mbali na barabara, mahali ambapo maji hayapandi, utulize pimamaji pale, na uitazame barabara ile kwa lenzi ndefu. Mahali kama Kyamwilu pako katika nchi nyingi duniani, na wapimaji wa ardhi walipopima waliona kwamba kile kinachodhaniwa kuwa mpando ni mteremko mdogo. Vilima vilivyo kando huuficha upeo wa macho na kulidanganya jicho. Naamini Kyamwilu nayo ni hivyo. Lakini wewe usiniamini mimi. Nenda na kichwa chako, chukua picha mbili, uzilete mezani. Kwa mwanafunzi anayetafuta mradi wa fizikia au jiografia, sijui kama kuna ulio rahisi na wenye utamu zaidi ya huo. Ila mtu mmoja abaki akitazama magari, kwa kuwa ile ni barabara na si uwanja wa maonyesho.

Ukiwa na muda, endelea na barabara iendayo Kitui mpaka Wamunyu, kijiji cha wachonga vinyago. Inasimuliwa kwamba mwenyeji wake mmoja, Mutisya Munge, alichukuliwa katika Vita Vikuu vya Kwanza hadi Tanganyika, akajifunza kwa Wazaramo, na aliporudi nyumbani akawafundisha jamaa zake. Sanaa hiyo ikaenea hadi Nairobi na Mombasa na masoko ya Ulaya na Marekani. Twiga wale na vile vichwa vya Wamaasai unavyoviona katika maduka ya watalii vina asili yao hapa. Waombe ruhusa kwanza. Neno "Wi museo" na "Ni muvea" yatakufungulia milango zaidi ya lenzi yoyote, na ukinunua hata kijiko kimoja hakuna atakayekuona mdukuzi.

Kinyago kidogo kinataka kamera ikaribie mno. Ukikaribia hivyo, mtikisiko wa ukubwa wa punje ya mtama huharibu kila kitu, na kusogeza kamera kwa unywele huhamisha picha nzima. Hapa gololi ndogo itakutoa jasho. Unailenga sawa, unakaza, inateleza. Unalenga juu kidogo ili ikiteleza ifike pale unapopataka, na leo haitelezi. Kwa kichwa cha mikono mitatu unasogeza upande mmoja, unakaza, umemaliza. Mchongaji mwenyewe akiwa kazini, tezo ikipanda na kushuka, hiyo ni habari nyingine. Hapo ondoa kamera kwenye stendi, uishike mkononi. Kuna picha ambazo stendi huziua, na mpiga picha mzuri huziona.

Upande wa kaskazini, mpakani na Thika, ndiko kuliko Kilimambogo, ambao ramani huuita Ol Donyo Sabuk, wenye urefu wa mita 2,145. Hifadhi ya taifa iliundwa hapa 1967. Bwana William Northrup McMillan, tajiri wa Kimarekani aliyekuwa na mashamba chini yake, alifariki 1925 na alitaka kuzikwa mlimani. Mteremko uliwashinda waliomchukua, akazikwa kabla ya kufika kileleni. Ile maktaba kuu ya McMillan mjini Nairobi, iliyofunguliwa 1931, ilijengwa kwa kumbukumbu yake. Mbogo wa kweli wamo msituni, kwa hiyo usipande kwa miguu bila askari wa hifadhi. Asubuhi isiyo na mawingu unaweza kuona Mlima Kenya na Kilimanjaro kutoka mlima mmoja. Kichwa kinachozunguka kwenye kitako bila kulegeza gololi ndicho kitakachokuwezesha kupiga picha kadhaa mfululizo za kuunganishwa, zikalingana kwenye viungo vyake.

Chini yake Mto Athi huanguka kwenye maporomoko ya Fourteen Falls. Ili maji yaonekane kama pazia la hariri, shata ifunguke kwa muda kama nusu nukta au nukta nzima. Mkono wa binadamu hauwezi. Teremsha nguzo ya katikati ya stendi, maana kuinyanyua ni kama kusimamia kidole. Ning'iniza mkoba chini uongeze uzito. Tumia ile saa ya kamera inayohesabu nukta 2 kabla ya kupiga, ili kidole chako kisiitikise. Manyunyu yakikifikia kichwa, kipanguse pale pale. Kuna siku utakuta povu na takataka zilizoletwa na mto kutoka mijini. Usizikwepe kwa kugeuza kamera. Piga na hizo pia.

Na kwa kuwa tumefika mtoni, kuna jambo linalonikaa moyoni kuhusu mito ya kaunti hii. Malori hushuka kwenye mito mikavu kuzoa mchanga wa kujengea nyumba zetu za Nairobi, mimi na wewe tukiwa wanunuzi. Mchanga ule ndio unaoyahifadhi maji chini wakati wa kiangazi; ukiondolewa, mto hushuka na kisima cha mama wa kijijini hukauka. Kila mtu husema mto ulikuwa juu zaidi zamani, na kila mtu hukisia kiasi gani. Kama una nyanya anayeishi karibu na mto kama huo, simamisha stendi yako kwenye daraja au mwamba usiohama, mara moja kila Desemba mnapokwenda nyumbani. Miaka mitano ya picha zilizolingana itasema kwenye baraza ya chifu jambo ambalo makisio hayawezi.

Ukirudi nyumbani, toa vumbi. Vumbi jekundu la Machakos ni laini kama poda, na huingia ndani ya kichwa kama linavyoingia masikioni. Pangusa gololi kwa kitambaa kikavu tu. Usiitie grisi wala mafuta ya kupikia, kwa sababu gololi hukaza kwa kukwaruzana na kikombe chake, na ukiipaka itateleza daima. Legeza skrubu zote kabla ya kukihifadhi ili zisijikaze. Kibamba kibaki juu ya kamera, cha pili ndani ya mfuko wa kamera, si kwenye droo.

Na katika daftari lako, kwa kila picha unayokusudia kuirudia, andika tarehe na saa, jiwe au mti uliosimama karibu nao, urefu wa stendi kutoka ardhini, lenzi uliyotumia, na nyuzi zilizosomeka kwenye kitako ulipokielekeza kilima. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu huchujuka ukinyeshewa, na Novemba mvua ya Iveti huanza ghafla.